Tuliandika HAIUZWI ukutani, kisha tukataka kuuza: uzi wa kuandaa na kuonyesha nyumba, Mbeya

MLETA UZI

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu ni wa mwenzangu yeyote wa Mbeya au mikoa jirani mwenye nyumba anayotaka kuiuza, ambaye wateja wanakuja, wanazunguka, wanasema "tutawasiliana", halafu kimya. Hali hiyo imenikuta kwa miezi saba, Februari hadi Septemba. Nyumba ilikuwa ya marehemu wazazi wetu, Ilomba. Vyumba vitatu na sebule, tofali za kuchoma, bati la zamani, na banda la uani lenye vyumba viwili. Kiwanja kimepimwa, hati ipo, mirathi imefunguliwa Mahakama ya Mwanzo na msimamizi ni mimi. Kwa karatasi tulikuwa sawa kabisa. Shida ilikuwa nyumba yenyewe, na sisi tuliokulia ndani yake hatukuiona.

Naanza na ukuta. Baada ya baba kufariki kuna watu walijaribu kuiuza kwa karatasi za kughushi. Mama akamwita fundi, akaandika ukuta mzima unaotazama barabara kwa rangi nyekundu ya mafuta: NYUMBA HII HAIUZWI, EPUKA MATAPELI. Maandishi hayo yalitulinda miaka mingi. Mama alipoondoka na sisi ndugu kukubaliana kuuza, tulipiga juu yake rangi ya maji mkono mmoja tukaona imetosha. Rangi nyekundu ya mafuta haifichwi hivyo. Baada ya wiki herufi zilianza kurudi, kwanza kwa mbali, kisha ukisimama getini unasoma neno zima.

Mteja wa kwanza alikuwa mfanyabiashara wa mchele wa Ubaruku. Alisimama pale getini kabla hata hajasalimia vizuri, akaniuliza: "Dada, nani alisema haiuzwi, na leo nani amesema inauzwa?" Nilimweleza, lakini maelezo nilikuwa nayatafuta huku nazungumza, na yeye aliliona hilo. Alikagua kwa heshima, akaondoka, hakupiga simu tena.

Ukuta tuliurekebisha baadaye: kukwangua kwa msasa mpaka herufi zishuke, kupiga rangi ya msingi ya mafuta, kuacha ikauke, ndipo rangi ya juu mikono miwili. Na jibu nililiandaa pia. Barua ya usimamizi wa mirathi, muhtasari wa kikao cha familia wenye saini za ndugu wote watano, na mwenyekiti wa mtaa akiwa na taarifa kamili ili mteja akienda kumuuliza kimyakimya akutane na maneno yale yale niliyomwambia mimi. Maana wataenda tu. Watamuuliza mwenyekiti, watamuuliza mama wa genge pale kona, watamuuliza kijana wa bodaboda. Kama jirani hajui kuwa mnauza, mteja anarudi na wasiwasi ambao rangi haiwezi kuuondoa.

Sasa unyevu, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu hapa ndipo nyumba nyingi za Mbeya zinakufa mbele ya mteja.

Tulianza kuonyesha Februari, mvua imeshika. Dari la sebuleni lilikuwa na madoa ya kahawia mawili makubwa, na chumba cha kaskazini, nyuma ya kabati, ukungu mweusi umepanda hadi kimo cha kiuno. Fundi wa kwanza alisema tupige rangi tu, mteja hatajua. Tukampa shilingi 210,000. Wiki mbili baadaye ukungu umerudi na rangi mpya inabanduka kama ganda la kiazi. Mteja aliyefuata, mzee mmoja mstaafu, hakusema kitu. Aliweka kiganja ukutani, akakinusa, akaenda chumba cha pili akafanya vilevile.

Fundi wa pili hakugusa brashi. Alizunguka nje kwanza. Alituonyesha misumari ya bati iliyopoteza mipira yake, maji yanapita kwenye matundu na kushuka juu ya dari. Gata upande wa kaskazini ilishaanguka zamani, maji ya paa zima yanapiga chini ya ukuta. Na mama alikuwa na bustani ya maua pale pale, udongo umejazwa mwaka hadi mwaka mpaka ukapita kimo cha msingi. Tofali la kuchoma lililogusana na udongo mbichi linanyonya maji kama sponji, halafu linayapandisha. Kwa hiyo unyevu wetu ulikuwa na chanzo juu na chini, na sisi tulikuwa tunapaka rangi katikati.

Tulibadilisha bati mbili na misumari, tukafunga gata, tukaondoa udongo kuzunguka ukuta, tukamwaga zege nyembamba yenye mteremko wa kupeleka maji nje. Halafu tukasubiri, na hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote mtu akiwa na haraka ya hela. Ukungu wenyewe tuliuosha kwa dawa ya klorini iliyochanganywa na maji, madirisha wazi, mdomo umefungwa kitambaa. Usiukwangue mkavu, vumbi lake ni baya kwa kifua. Fundi alinifundisha kipimo rahisi: bandika kipande cha nailoni ukutani, ziba pande zote nne kwa utepe wa gundi, acha usiku kucha. Asubuhi ukikuta matone upande wa ukutani, ukuta bado unatoa maji, weka brashi chini. Wetu uliacha kutoa jasho mwishoni mwa Julai, katikati ya ule ukavu wa baridi. Rangi tulipaka Agosti na haijabanduka.

Jambo la tatu ni gumu kulisema. Chumba cha mama kilikuwa kama alivyokiacha. Kitanda kimetandikwa, vitenge kwenye begi juu ya kabati, Biblia mezani, miwani. Hakuna kati yetu aliyekuwa na moyo wa kukigusa. Mwezi Aprili walikuja mume na mke wenye watoto wawili, watu wa Mbozi. Walizunguka vizuri, walipenda uani, walipofika mlango wa chumba kile mama yule akasimama. Hakuingia. Aliniambia kwa sauti ya chini, "Pole sana dada, naona bado mna msiba." Wakaondoka. Jioni ile niliwapigia ndugu zangu wote. Jumamosi tulikutana, tukagawana vitu, vingine tukawapa shangazi na majirani waliomuuguza, tulilia, tukacheka kidogo, tukafagia. Kitanda kilitoka nje mchana. Wenzangu mnaouza nyumba ya mirathi, fanyeni hili kabla ya mteja wa kwanza, na mlifanye wote pamoja, asiachiwe mmoja. Mgeni hawezi kupanga maisha yake ndani ya chumba ambacho bado kina mwenyewe.

Mengine ni madogo na yanajulikana: vitasa vinavyokwama, koki zinazodondosha, balbu zilizoungua, ukuta wa jiko la nje uliojaa masizi, mfuniko wa chemba uliovunjika. Rekebisha. Kila kimoja mteja anakihesabu, na akishafika cha tano anaacha kuhesabu na kuanza kupunguza bei kichwani.

Nikipata nafasi nitaandika kuhusu siku yenyewe ya kuonyesha. Karibuni na maswali.

MDAU WA UYOLE

Asante kwa uzi, mkuu. Tupe gharama basi, maana ukisema bati, zege, rangi, mtu anaona milioni tano zinaondoka.

MLETA UZI

Haki yako. Hizi ni zetu, na bei hubadilika: bati mbili na misumari 95,000, gata ya upande mmoja 180,000, kuondoa udongo na kumwaga zege 320,000, rangi ndoo nne za lita 20 jumla 380,000, fundi rangi 250,000, vitasa, koki na balbu 85,000, kusafisha na kubeba takataka 60,000. Jumla 1,370,000. Ile 210,000 ya kwanza ilipotea bure. Kabla ya matengenezo ofa ya juu tuliyopata ilikuwa milioni 55. Tuliuza milioni 71. Sisemi tofauti yote imeletwa na gata, maana Agosti na Septemba watu wa mpunga wameshauza na hela inatembea, lakini wateja wa Agosti hawakunusa viganja vyao.

Marumaru hatukuweka. Jikoni hatukubomoa. Dada yangu alitaka dari lote la jipsamu, tukamkatalia. Mnunuzi wa nyumba ya zamani ana ramani yake kichwani, na marumaru utakazochagua wewe huenda akaja kuzing'oa.

DALALI WA MWANJELWA

Mimi ni dalali na niseme kweli yangu. Mleta uzi hujagusa upande wetu. Wenye nyumba wengi hapa mjini wanatoa funguo kwa madalali sita, kila mmoja anaweka cha juu chake, mteja anasikia nyumba moja milioni 75, 80 na 90. Anaona ni utapeli. Mwenye nyumba analaumu madalali, wakati yeye ndiye aliyeacha mlango wazi.

MLETA UZI

Hili ni kweli na lilitukuta. Kuna mtu alisambaza picha za nyumba yetu kwenye magrupu kwa bei ambayo hatukuwahi kuitaja. Mwezi Juni tuliwaondoa wote, tukabaki na dalali mmoja kwa maandishi: bei tunayotaka, asilimia yake, hakuna cha juu, na kila mteja namuona kwa macho. Pia tulimkataza kuwatoza wateja wetu hela ya kuonyeshwa. Mtu aliyelipishwa kabla ya kuona geti anaingia akiwa amenuna.

Na jambo la kushika sana: usitume picha ya hati kwa WhatsApp. Kwa mtu yeyote. Karatasi zile za kughushi zilizomfanya mama aandike ukuta zilitoka kwenye nakala iliyozagaa. Mteja mwenye nia mpe namba ya kiwanja na kitalu, akafanye upekuzi kwa msajili wa hati, na hati halisi aione mezani kwa wakili.

MDAU WA KIHESA, IRINGA

Huku kwetu Kihesa mambo yana sura nyingine. Kwa sababu ya vyuo, mteja anaangalia vyumba vya wanafunzi kabla ya sebule yako. Mimi niliuza nyumba yenye wapangaji sita. Kosa langu la kwanza ni kuwafungulia wateja vyumba vya watu bila taarifa. Binti mmoja alikuwa amelala, akaamka akakuta wanaume watatu mlangoni. Nilimwomba radhi na bado najisikia vibaya. Baada ya hapo niliweka utaratibu: taarifa siku mbili kabla, mpangaji mwenyewe anafungua mlango wake, asiyetaka chumba chake kionyeshwe naonyesha kinachofanana nacho. Ajabu ni kwamba wapangaji wakawa wasemaji wangu wazuri. Mteja anawauliza maji vipi, usalama vipi, wanajibu kwa uhuru.

MLETA UZI

Umenena, kaka. Uani kwetu alikuwepo mpangaji, mama lishe mwenye watoto. Nilimweleza mapema kuwa tunauza, nikamwahidi kwamba mkataba wake utatajwa kwenye mauziano, na ukatajwa. Yeye ndiye aliyekuwa akifungua madirisha asubuhi nikiwa njiani.

Na sasa siku yenyewe. Kwetu Mbeya usionyeshe nyumba saa 1 asubuhi mwezi Juni. Baridi imelala ndani, mteja anakunja mikono na nyumba yote inaonekana ya huzuni. Mimi nilipanga saa 4 hadi saa 6, jua limeshaingia sebuleni na mlima Loleza unaonekana vizuri kutoka barazani. Madirisha yalifunguliwa tangu saa 2, mapazia yamefungwa pembeni. Nyumba iliyofungwa muda mrefu ina harufu ambayo mwenyewe haisikii. Tulijaribu kuifunika kwa udi, dalali akasema wateja wanauliza tunaficha nini. Hewa na maji ya sabuni vilitosha.

Mwanzoni tulikuwa tunakwenda ndugu wanne, kila mmoja anaeleza. Hapa ndipo baba alikuwa anakaa, hapa ndipo nilivunjika mkono. Mteja alikosa nafasi ya kuongea na mkewe. Baadaye nilibaki mimi peke yangu: nasalimia, nawapitisha mara moja, halafu nawaambia wazunguke wenyewe, mimi nakaa chini ya mparachichi uani. Mume mara nyingi anaangalia paa na geti, anauliza gari inafika mlangoni masika. Mke anaenda jikoni, anafungua koki, anatafuta pa kuanika nguo, anachungulia choo. Acha wafungue kila kitu. Mimi nilikuwa nawaambia mapema kwamba kwetu maji ya bomba huja kwa zamu, ndiyo maana kuna tanki.

MDAU WA NJOMBE

Naongezea ya baridi kali. Njombe ukionyesha nyumba kipindi cha Juni na Julai, washa moto kama nyumba ina bomba la moshi, tena uuwashe jana yake, kwa sababu kuta zinachelewa kupata joto. Ila usilete jiko la mkaa ndani na kufunga madirisha ili wateja wasisikie baridi. Hewa ya sumu ya mkaa inaua, na watu wanasahau hilo kila mwaka.

MDAU WA IYUNGA

Naomba nipinge kidogo. Unasema uwaambie watu kuhusu maji ya zamu, kesho utasema uwaonyeshe na ufa. Nani atanunua? Mnunuzi naye akileta hela yake hakuambii mapungufu yake. Mimi naona kasoro asiyoiona si kazi yangu kumwonyesha.

MLETA UZI

Nakuelewa ndugu yangu, na hata kaka yangu mkubwa alikuwa na msimamo huo hadi Agosti. Nikwambie kilichotokea. Walionunua ni mwalimu na mkewe muuguzi. Walikuja Agosti, ukuta umekauka, hakuna doa. Ningeweza kunyamaza. Nilichukua simu nikawaonyesha picha za Februari: ukungu, madoa ya dari, mfereji wa maji chini ya ukuta. Kisha nikawapeleka nje nikawaonyesha gata, zege, na bati mbili zinazong'aa kuliko nyingine. Nikawaambia pia kuna ufa juu ya dirisha la chumba cha pili, upo tangu tukiwa wadogo na haujaongezeka, waje na fundi wao.

Walikuja na fundi wao. Alikaa masaa mawili, akapanda hadi darini. Aliposhuka alisema bati zote za zamani zimebakiza miaka michache tu, wakapunguza milioni 7 kutoka bei yetu ya 78 kwa ajili ya paa. Tukakubali. Wateja wengine wote walipunguza kwa hofu, kwa mambo waliyoyakisia, na hofu haina bei ambayo unaweza kuijibu. Hawa walipunguza kwa kitu tulichokiona wote. Na leo mvua ikinyesha usiku Mbeya mimi nalala.

MDAU WA MABATINI

Mimi nyumba yangu iko karibu na barabara kuu ya Tunduma. Kila mteja anauliza habari ya barabara kupanuliwa na alama ya X ya kubomolewa. Nifanyeje, ina maana haiuziki?

MLETA UZI

Pima kwanza kabla ya kuongea na mteja. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Nenda TANROADS mkoa ukapate jibu kuhusu kiwanja chako, na kama sehemu ya kiwanja imo ndani ya hifadhi, mteja alisikie kwako siku ya kwanza. Ukiwa na jibu la maandishi unaliweka mezani na mazungumzo yanaendelea. Ukisema "hamna shida hapo, watu wanaongea tu", umemaliza biashara.

MDAU WA UYOLE

Na kodi je? Naambiwa TRA inachukua asilimia 10 ya bei yote.

MLETA UZI

Si ya bei yote. Kwa mkazi ni asilimia 10 ya faida, yaani bei ya kuuzia ukitoa gharama ulizotumia kupata na kuboresha nyumba, na ni mzigo wa muuzaji. Ndiyo maana tunza risiti, hata ya gata. Kwa nyumba ya kuishi mwenyewe kuna msamaha wenye masharti yake, waulizeni wakiwa na karatasi zenu mbele. Uhamisho una fomu zake, namba 29, 30 na 35, wakili atawajazia. Lipa pango la ardhi mpaka mwaka unaouza, risiti ziwe kwenye bahasha moja. Na wenye ndoa: Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, nyumba ya familia haiuzwi bila ridhaa ya mwenza. Mteja makini atataka kumuona mke au mume wako kwa sura, kwa hiyo awepo siku ya kuonyesha, asisubiri siku ya saini.

MDAU WA IYUNGA

Nimekusoma dada, kwa ufa umenishinda. Swali la mwisho: ile rangi ya ukuta wa mbele ni gani? Na yule fundi wa pili bado anapatikana?

MLETA UZI

Rangi ni maziwa, isiyokoza, chini tumepiga kahawia kimo cha goti kwa sababu ya matope ya masika. Fundi yupo, ila nitamwomba ruhusa kabla ya kutoa namba yake. Kesho napita Ilomba kumpelekea mwalimu kadi ya mita ya LUKU niliyoisahau kwenye droo, nitamwomba nipige picha ya lile zege na gata niziweke hapa.